Matobolwa ya Viazi Ulaya

Mjukuu wangu hununua viazi ulaya vidogo vidogo, vile vya kutosha mdomo mmoja, akavichemsha na maganda yake, akavipaka siagi, akaniwekea mezani. "Kula, bibi. Lishe yote iko kwenye ganda." Nakula viwili vitatu, namwambia vitamu. Sina ugomvi na lishe mimi. Ugomvi wangu ni na viazi.

Ulianza kijijini kwetu Ntalikwa, enzi za Mwingereza, mwaka kaka yangu aliporudi kutoka mkonge. Vijana wetu walikuwa wakiandikishwa na kupakiwa kwenye treni kwenda mashamba ya katani. Babu zao walikwenda pwani kwa miguu na mizigo ya watu kichwani. Wao walikwenda wamekaa, na huo ukaitwa maendeleo. Chakula cha njiani kilikuwa kile kile, matobolwa ya viazi vitamu. Kaka aliondoka na kifua cha kuvunja kuni. Akarudi na kikohozi, mbavu nje, na kifurushi cha viazi ulaya alivyonunua dirishani kwa akina mama wa stesheni ya Morogoro. Vilikuwa vimeshaanza kuchipua, mama akavifukia kwenye matuta.

Nchi yetu si ya viazi hivyo. Joto liliviminya, tukavuna vidogo tu, hata kumenya ni adhabu. Lakini hivyo ndivyo kaka alivyoviweza. Ugali ulimkaba, viazi vitamu vilimletea kiungulia, ila kiazi kidogo kilichopondwa na maziwa kilishuka. Mama akasema anaona damu inarudi usoni mwa mwanawe. Mimi sikuona damu yoyote.

"Mama, kaka anazidi kukonda."

"Funga domo lako. Anayekula hafi."

Hilo likawa neno lake asubuhi na jioni: anayekula hafi. Na viazi vilikuwa vinaoza kwa joto, kiangazi ndiyo kwanza kinaingia. Sasa, Mnyamwezi akiogopa chakula kitaisha anafanya nini? Anachemsha viazi vitamu, anamenya, anapasua, anaanika juani mpaka vikauke kabisa, na hayo matobolwa yanamfikisha masika. Mama akavifanyia viazi ulaya hivyo hivyo, vyote, hakubakiza hata cha mbegu. Jirani yetu mmoja alipita uani akashika kiuno. "Mwenzangu, hicho si kiazi chetu hicho."

"Kiazi ni kiazi," mama akamjibu, "na jua ni lile lile."

Masikini mama yangu! Kiazi kitamu kikikauka kinahifadhi utamu wake. Hivi vilitoka vyeusi, vigumu kama kwato. Alivibandika jikoni tangu alfajiri pamoja na karanga. Nje vikateleza, ndani vikagoma. Kaka alipokea bakuli kwa mikono miwili. "Asante, mama. Vitamu." Akaomba aachwe ale peke yake, eti anaona haya kukohoa mbele za watu.

Bakuli lilirudi tupu. Siku zote lilirudi tupu. Mama alilileta hadi puani pangu. "Haya, ona! Na wewe ulivyokuwa unanitabiria msiba!" Nikafurahi kushindwa. Kweli nilifurahi, nikaanza hata kumtania kaka kwamba akipona atatumalizia ghala.

Alifariki asubuhi, mama akiwa jikoni anachochea moto.

Wanaume walipomtoa kwenda kumwosha, mimi nikaambiwa nitoe malazi yake nje. Godoro lilikuwa la majani makavu. Upande wa ukutani mshono ulikuwa umefumuliwa. Nikaingiza mkono nikavikuta, vimejaa, vikavu tena, vyeusi. Nilitaka kumkasirikia marehemu. Kisha nikavisogeza mlangoni kwenye mwanga, nikaona kila kipande kina alama za meno. Alikuwa amejaribu kila kimoja. Nikakaa pale chini nikalia kilio ambacho wenzangu walidhani ni cha msiba tu.

Nilivifunga kwenye kanga, nikaenda kuvifukia kwenye lile tuta vilikotoka.

Niliporudi, mama alikuwa amekaa katikati ya akina mama wa kanisani, anawasimulia. "Mwanangu hakufa kwa njaa, jamani. Viazi vyangu alivila vyote." Aliponiona akanishika mkono, na vidole vyangu vilikuwa bado na udongo. "Si ndiyo, mwanangu? Si alikula?"

"Alikula, mama. Alimaliza."

Akanitazama. Hakulia. Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia: "Sasa mbona amekufa?"

Mmoja wa wale akina mama akaanzisha rozari, nasi tukaitikia.