Mpishe Dada Yako

Jamani, leo nimekuna nazi natetemeka kama niko kwenye mtihani.

Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Asubuhi nimetoka kwangu Tangini, Kibaha, kwenda kijijini Mzenga kumwona mama aliyenizaa. Mara ya kwanza. Na miaka yangu hamsini!

Wakati ule watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, yeye alikuwa binti asiye na mume. Kichanga chake akamkabidhi mwalimu mmoja wa Kibaha. Kichanga chenyewe ndiye mimi.

Nafika. "Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Mgeni! Na jana tumeongea kwenye simu, anajua fika mimi ni nani.

Akanipa kiti. Akaniuliza mvua za Kibaha zikoje. Saa nzima tunaongelea mvua! Binti yake, Zena, yupo hapo hapo, hajui lolote. Nikashika mkoba niondoke zangu.

Nyie mngefanyaje?

Zena akavuta mbuzi ya nazi, akaikalia aanze kukuna kwa ajili ya mboga ya mchana.

Yule mama, bila hata kunitazama:

"Inuka, Zena. Mpishe dada yako."

Zena akainuka, nazi mkononi, ananikodolea macho.

Nikakaa mimi. Nakuna mpaka kifuu chenyewe, sinia imejaa weusi.

Mama akaja, akachutama nyuma yangu, akanishika mkono.

"Taratibu. Kukufundisha hii ilikuwa kazi yangu."