Uvimbe Uliopungua Kwenye Picha

Baba yangu alianza kupoteza Kiswahili kabla ya kupoteza kitu kingine chochote. Alikuwa katekista wa kigango chetu kule Kagoma, Muleba, na padri asipofika yeye ndiye aliyeongoza ibada. Jumapili moja alisimama mbele ya watu, akafungua kinywa, Kiswahili kikagoma kuja. Akaendelea kwa Kihaya. Waumini walidhani ameamua tu iwe hivyo. Mama, aliyekuwa benchi la mbele, aliona mkono wake wa kulia ukitetemeka juu ya kitabu, akajua kuna jambo.

Mimi ni mteknolojia wa mionzi. Nafanya kazi Bukoba, kwenye chumba cha CT scan, na nimepanga nyumba Rwamishenye. Mama aliponipigia nilimwambia amlete kesho yake. Nilimlaza baba mwenyewe kwenye kitanda cha mashine, nikamwambia kwa Kihaya asitikise kichwa. Picha zilipoanza kujitokeza niliuona uvimbe, upande wa kushoto wa ubongo, hata kabla daktari hajaja kuzisoma. Baba alinitazama kupitia kioo. Nikampungia mkono kama tunavyowapungia wagonjwa wote.

Alipelekwa hospitali nyingine, mkoa wa mbali, kwa matibabu ya mionzi, na mama akaenda naye. Daktari alikuwa ametaja pia upasuaji, endapo mionzi isingetosha. Matibabu yalipokwisha walimpiga picha kwa mashine yao, ambayo ni mpya kuliko yetu, kisha programu ya kompyuta ikazilinganisha picha zao na zile tulizopiga Bukoba. Majibu yakasema uvimbe umepungua sana. Mama alinipigia akilia kwa furaha, hata nikashindwa kumwelewa. Suala la upasuaji likawekwa kando. Hakuna aliyebisha, nami nilikuwa miongoni mwa waliofurahi.

Ikasomwa misa ya shukrani. Baba akaamua kupanua kibanja, shamba letu la migomba. Akachimba mashimo mapya upande wa bondeni, jembe akilishika kwa mkono wa kushoto, akakataa kusaidiwa. Nilipokwenda kumsalimia alinitembeza shimo hadi shimo. Kwa maneno aliyobaki nayo aliniambia migomba ile itakuwa yangu na wanangu.

Haikupita muda mrefu akaanza kuanguka. Kisha Kihaya nacho kikaanza kumtoka. Alijua kikombe ni cha nini lakini hakuweza kukitaja, na hilo lilimtia aibu mbele ya wageni, akawa anajifungia chumbani.

Niliomba picha za kule, nikakaa na daktari wetu wa radiolojia, tukazifungua sambamba na zetu. Yeye ni mtu mpole, husema taratibu. Alinieleza kwamba mashine hazipigi picha kwa namna moja. Mashine yetu huugawa ubongo katika vipande vinene, kama mkate uliokatwa kwa haraka, na katika kipande kinene kingo za uvimbe husambaa, ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Mashine ya kule hukata vyembamba, kingo zikatoka kali na nyembamba. Programu ilizipima picha zote kana kwamba zimetoka mahali pamoja.

"Kwa hiyo hatujui kama ulipungua," nikasema.

"Hatujui. Mlete tumpige kwenye hii hii ya kwetu."

Tulimpiga picha. Uvimbe ulikuwa umekua, umevuka kwenda upande wa pili. Daktari wa upasuaji aliyeziona picha hizo alisema wakati wa kufungua kichwa umeshapita.

Baba alifia nyumbani, asubuhi, mama akiwa amemshika. Mwishoni alikuwa amebakiwa na neno moja, mae, ambalo kwetu ni la kumwita mama aliyekuzaa. Alimwita mke wake hivyo, na mama aliitika kila mara.

Baadaye daktari wetu alijiunga na watafiti waliokuwa wakitengeneza programu inayozileta kwanza picha za mashine mbalimbali kwenye hali moja, ndipo izipime. Ili kuijaribu walihitaji picha za watu ambao kila mmoja alipigwa kwenye mashine zaidi ya moja, na watu wa namna hiyo hawakuwa wengi. Nilikwenda Kagoma kumwomba mama ruhusa. Aliuliza kama watu hao wataiona sura ya baba. Nikamweleza kwamba jina na sura huondolewa. Akasema basi wazichukue, zisije zikaoza bure kama yeye.

Jaribio lilipofanyika nilikuwepo. Picha zote za baba ziliwekwa kwenye hali moja, zikapimwa upya. Uvimbe haukuwahi kupungua. Hata siku ile mama aliponipigia akilia kwa furaha, ulikuwa unakua. Watafiti walipongezana, na walistahili, kwa kuwa programu ilikuwa imeona kile ambacho ile ya kwanza haikukiona. Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Niliona mama ana haki ya kujua. Nilimwambia tukiwa wawili tu, sebuleni.

Akauliza, "Kwa hiyo alipokuwa anachimba yale mashimo, alikuwa anakufa?"

"Ndiyo, mae."

"Naye hakujua."

"Hakujua."

Nilidhani angesema afadhali, maana baba alipata miezi yake ya furaha. Majirani wangesema hivyo, nami nilikuwa nimejiandaa kukubali. Mama alitazama mikono yake.

"Mimi ningependa kujua," akasema. "Kuna mambo ningemwambia wakati bado anaelewa maneno."

Siku hizi mgonjwa akija na picha za hospitali nyingine, hatusemi uvimbe umepungua wala umeongezeka mpaka picha zote zipitishwe kwenye programu ile, na daktari azitazame kwa macho yake. Baadhi ya familia hukasirika kwa kusubirishwa. Nawaacha wakasirike.

Mama yuko Kagoma. Anakwenda kanisani, analima, anapokea simu zangu. Mambo aliyotaka kumwambia baba sijamuuliza, naye hajayasema.