Siku Biskuti Yangu Ilipeleka Chorale Nzima kwa Muganga

Bon, leo nitaisema miye mwenyewe, juu nimechoka kusikia batu bengine beko banaisema na kila mara banaongeza chumvi. Ku Butembo banasema nilipatia bokilo yangu, wazazi ya bwana yangu, sumu siku ya Noeli. Ku Beni banasema nililaza chorale nzima. Hakuna mutu alikufa, na hakuna mutu alilazwa (kuko moja alilala juu ya banki ya mbao, mais huyo alijilaza mwenyewe). Lakini haya yenye nilipata siku ile, hiyo ni ya kweli, na mpaka leo nikiikumbuka ninafunika uso na kitambaa, hata kama niko peke yangu mu nyumba.

Miye niko mutu wa kutaka kujua, munielewe kwanza hapo. Nikiwa mutoto nilipanda mbegu ya kahawa yenye mama alikuwa amekwisha kukaanga, nione kama itaota nyeusi. Hata leo siwezi kupita fasi batu banachimba shimo bila kusimama na kuuliza ni ya nini. Sasa siku moja, mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, mu grupu ya WhatsApp ya bamama ba quartier yetu pale Bulengera, mu Butembo, mutu akatuma picha ya biskuti. Picha tu, hakuna maelezo. Biskuti mbili zimeshikana, ile ya juu iko na katundu kadogo katikati, na mu ile tundu konfitiri nyekundu, matunda ya kupika na sukari, inaangaza kama kioo ya kanisa wakati jua inaipiga, na juu yake sukari laini kama unga. Siku tatu nilikuwa najiuliza: ile konfitiri inaingia namna gani? Nilifikiri banaitia na sindano.

«Kavira, kula chakula,» bwana yangu Kambale akaniambia. «Ni biskuti tu.»

«Ni biskuti, mais iko na dirisha,» nikamujibu.

Siku ya ine nikafahamu, nikiwa nafua nguo, na nikapiga kelele mpaka jirani akatoka inje: kumbe unapika mbili mbali, moja unaitoboa mbele ya kuipika, kiisha unapakaa konfitiri ku ile ya chini na unazifunika! Hakuna sindano. Nikasema, hii njo kitu nitapeleka Beni.

Juu tulikuwa tumefunga ndoa mwezi wa nane, na ilikuwa Noeli yangu ya kwanza ku bokilo, wazazi ya Kambale, kule Beni, commune ya Bungulu. Miye nilikomaa mu Katoliki, bo beko Baprotestanti ba kweli, na baba yake, Papa Mbusa, ni muzee wa kanisa, mulimaji wa kakao, mutu anasema maneno tatu kwa siku na yote tatu iko sawa. Nilikuwa namuogopa. Donc nikapigia mama ya Kambale simu, nikajisifu: «Mama, nitakuletea biskuti ya konfitiri ya fraizi. Fraizi ya kwetu kwenye baridi, ya Lubero.» Mama akafurahi, akaambia Kahindo, dada ya Kambale, na Kahindo akaambia chorale yote yenye anaimba ndani yake. Ikawa sasa nimetangazwa.

Mais ile juma ya kupika mvua ilinyesha vibaya. Nikaenda sokoni, mama mwenye kuuza fraizi, ile matunda ndogo nyekundu, alikuwa na kikapo kidogo, na nusu ilikuwa imeoza. Nikachukua yenye ilibaki muzima. Ku nyumba nikaipika na sukari, ikatoka konfitiri ya kujaza kikombe moja, tena rangi yake ilikuwa ya huzuni, kama matofali ya zamani. Nami niko na ndoo mbili ya biskuti ya kujaza! Nikarudi sokoni, na pembeni ya yule mama wa fraizi kulikuwa mama mwingine na beterave, ile mizizi nyekundu mpaka ndani, kubwa, zimetoka mu udongo ile asubuhi, na majani bado juu. Nikajisemea: moja tu, juu ya rangi.

Moja ikapatia rangi muzuri. Nikataka kuona mbili itafanya nini. Kiisha nikataka kujua kama ine itaua ladha ya fraizi, na haikuiua (nilitia sukari na ndimu mingi), basi nikaendelea, na kusema kweli, mwishoni ilikuwa beterave kumi na fraizi ilikuwa inaitembelea tu. Mais rangi! Hata ile picha haikukuwa na rangi kama yangu. Biskuti yenyewe niliikata na kilauri, dirisha nikaitoboa na kifuniko cha chupa, na nikaipika mu sufria yenye kuwa na muchanga chini, makala chini na makala juu ya kifuniko, namna mama alinifundisha kupika mikate. Vidole vyangu vilibaki vyekundu siku mbili. Kambale akaniuliza, «Ulichinja nani?» Tukacheka. Tulicheka sana, hata.

Tarehe makumi mbili na ine tukashuka Beni na taxi, ndoo moja juu ya magoti yangu, ingine juu ya magoti ya Kambale, na hakuna biskuti hata moja ilivunjika.

Asubuhi ya Noeli nikaiweka mezani na chai. Papa Mbusa akachukua moja. Akaiangalia. Akaangalia mu dirisha yake, ni kweli, akaiinua ku mwangaza kama mutu anapima mbegu, na hapo nilimupenda kidogo, juu nilifanya vile vile na ile picha. Akala. Akachukua ingine. Nilihesabu mpaka tisa, kiisha nikaacha kuhesabu kwa heshima.

«Hii rangi yote ni fraizi?» Mama akaniuliza.

Ilikuwa saa ya kusema. Neno moja tu, beterave, hakuna mutu angekasirika! Mais nilikuwa nimeisha kujisifu ku simu, na beterave kwetu ni kitu ya salade, ni kitu unapatia mutu mwenye kupungukiwa damu, hapana kitu unaletea bokilo mu ndoo siku ya Noeli. Nikasema, «Fraizi peke yake, Mama.»

Kahindo akabeba ndoo ya pili ku kanisa, na chorale, batu makumi mbili na zaidi mu nguo yao nyeupe, bakaikula yote mbele ya ibada, bamesimama mu kiwanja. Presidenti wa chorale, mama mumoja munene mwenye sauti ya baba, akanishika mukono: «Mutoto yangu, hii ni nini?» Na miye, mbele ya bote, kwa sauti: «Fraizi tupu, mama! Fraizi ya kwetu!» Bakanipigia makofi.

Ibada ikakuwa ndefu, mahubiri, nyimbo, tena mahubiri. Tukarudi nyumbani, tukatandika chakula, kuku, muchele, fufu. Papa Mbusa akaenda kwanza ku choo. Akarudi, akakaa, akasukuma sahani yake pembeni bila kuvua kofia. Tukamungojea aombe juu ya chakula. Hakuomba. Kiisha Kahindo naye akaenda ku choo, na kutoka kule tukasikia kilio:

«Mama! Niko nakojoa damu!»

Papa Mbusa akasema maneno mbili: «Na miye.»

Sasa, mutu wa kwingine anaweza kucheka. Sisi batu ya Beni na Butembo, tangu Ebola ilipita kwetu, neno damu hatuichezei. Mama aliacha kijiko kikaanguka. Kambale akakimbia kutafuta moto, pikipiki ya kutubeba. Na tukiwa bado tunatoka mu lupango, uwanja ya nyumba, tukaona bale ba chorale bengine beko banakuja njiani na nguo yao nyeupe, banatembea haraka haraka, hakuna mwenye kuangalia mwenzake, wote banaelekea ku centre de santé, kwa muganga.

Muganga alikuwa mama mumoja mwembamba, mupole, alikuwa peke yake siku ile ya fete. Alipoona chorale imejaa mu kiwanja alifikiri tumekuja kumuimbia. Akasikia neno damu, akavaa gants ku mikono, akatuweka mbalimbali, akatupima joto ku kipaji ya uso mumoja mumoja. Hakuna mwenye joto. Akapatia kila mutu kikopo. Kati ya bote, saba balikuwa na mukojo nyekundu, bengine hapana, na hiyo njo ilimushangaza. Na batu ya quartier balikuwa bamekwisha kujaa ku lupango ya centre, banachungulia.

«Mulikula nini pamoja?»

Biskuti, bote bakasema. Bote bakageuka.

«Na wewe, ulikula?»

«Nilikula, mama. Mingi.»

«Na hauna kitu,» Kahindo akasema. «Yeye njo alipika, na yeye hana kitu. Mumuulize.»

Kambale akaniangalia. Sitasahau namna aliniangalia: hapana kwa hasira, alikuwa ananingojea. Muganga akauliza kwa upole, ndani ya biskuti kulikuwa nini. Na miye, munisamehe, mulimi yangu ilikuwa imezoea, ikasema yenyewe: «Fraizi.»

Papa Mbusa alikuwa amejilaza juu ya banki, kofia juu ya kifua, macho imefungwa. Akaomba bamuitie Katembo. Huyu Katembo ni mudogo yake, anakaa Beu, mu Beni vile vile, na bandugu hawa hawakuwa banasalimiana tangu Kambale akiwa mutoto, na hakuna mutu alikuwa anajua vizuri juu ya nini. Bakamupigia simu. Akakuja na moto, na nguo ya Noeli, akapiga magoti pembeni ya banki bila hata kupangusa vumbi.

Ile wakati miye nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, fasi bile bikopo bilikuwa, na kwa sababu niko vile niko, nikachukua kimoja nikakiinua ku mwangaza. (Mama presidenti akasema «Yesu!» na akarudi nyuma.) Nikaangalia. Damu ninaijua, nimechinja kuku mingi. Hii haikukuwa damu. Ilikuwa rangi ya waridi, safi, na nilikuwa nimekwisha kuiona fasi: ni ile maji nilisafisha nayo sufria yangu ya konfitiri. Nikafungua mudomo ili niseme.

Mais Papa Mbusa naye alikuwa amefungua yake.

«Katembo,» akasema, «ile mupaka ya shamba ya baba.»

Batu ya ku lupango bakasogea karibu, basikie.

«Miti ya mupaka. Unakumbuka ulikuwa umeenda Kisangani.»

Hapa njo ninatubu kwenu, juu hii ni mubaya kupita beterave. Nilikuwa ninajua. Ningeweza kumusimamisha, neno moja tu, na muzee angerudi nyumbani na siri yake. Nusu ya mudomo yangu ilifungwa na haya. Na ile nusu ingine, basi, nilitaka kusikia!

«Nilizing'oa,» Papa Mbusa akasema. «Nikazipanda upande yako. Hatua kumi na ine. Kila mwaka unasema baba alikupatia kidogo, na miye ninakuambia mbele ya kanisa kama uko mwongo. Hapana wewe mwongo. Unisamehe, sitaki kwenda nayo.»

Katembo alikuwa analia. Alimushika mukono na mikono yake yote mbili. Na pale, mbele ya bote, miye nikasema, na sauti ilitoka kubwa kupita namna nilitaka:

«Ni beterave!»

Bote bakaniangalia.

«Hapana damu. Mu konfitiri kulikuwa beterave. Kumi. Nilidanganya.»

Muganga akauliza mara mbili: beterave kumi? Akavua gants polepole, akakaa juu ya kiti, na akaanza kucheka, mpaka akaweka kichwa juu ya meza. Alituelezea kama kuko batu mwili yao inatoa ile rangi na bengine hapana, na haina ubaya wowote (na hata mu ile haya yangu, nilitaka kumuuliza ni kwa nini bengine hapana). Chorale ikapumua. Mama presidenti akasema «Fraizi tupu!» kwa ile sauti yake, na kiwanja yote, mpaka ku lupango, ikavunjika na kicheko. Batu mbili tu hawakucheka. Papa Mbusa alikuwa amekaa juu ya banki, wima, amerudisha kofia ku kichwa, anataka kuondoa mukono yake. Katembo hakuiachilia.

«Kaka,» Katembo akasema. «Sawa, ni beterave. Mais miti ulizing'oa, ao haukuzing'oa?»

Papa Mbusa akavua tena kofia.

«Nilizing'oa,» akasema.

Kesho yake balienda ku shamba bote mbili kurudisha mupaka, na Kambale na panga nyuma yao, na bakarudi jioni na udongo mpaka ku magoti, bakakula fufu mu sahani moja. Miye Papa Mbusa hakunisemesha mpaka karibu na Paska. Kahindo aliniomba samahani, nami nikamuomba, tukalia kidogo.

Mais mbele ya kurudi Butembo, nilikuwa mu jikoni na Mama, tunachagua muchele, na bila kuinua kichwa akaniuliza: «Kavira. Ulijua wakati gani kama ile damu ni beterave?»

Nilitaka kudanganya tena. Nikashindwa. «Wakati Papa alianza kusema.»

«Mbele ya yeye kutaja miti, ao nyuma ya miti?»

«Mbele ya miti, Mama.»

Akachagua muchele. Akatupa kajiwe kamoja. Mabega yake ikaanza kutetemeka, na nilifikiri analia, kumbe anacheka, anacheka bila sauti, machozi inashuka.

«Miaka kumi na nane nililala na ile miti,» akasema. «Usimwambie Papa kama nilikuwa ninajua.»

Sikumwambia. Na tangu siku ile nimejiapia: kitu yenye ninapika, ninataja yote yenye iko ndani yake mbele ya mutu kuiweka mu mudomo, mpaka chumvi, hata kama banachoka kunisikia. Na kama mutu anaanza kutubu karibu yangu, ninasimama na ninatoka inje. Ninajaribu kutoka.