Likizo Niliyopelekwa Beni kwa Sababu ya Kimya Changu

Kakao ikichacha hunuka kama pombe ya ndizi iliyosahaulika jikoni, na harufu hiyo ndiyo iliyonipokea uani kwa mama mdogo huko Beni, likizo ya Pasaka nilipokuwa na miaka saba. Sisi wa Butembo tumezoea baridi na moshi wa mikaratusi. Beni kulikuwa na joto, na mbegu zilizofunikwa kwa majani ya migomba zilifuka mvuke kila zilipofunuliwa. Kazi ya watoto ilikuwa kuzigeuza juani kwa nyayo, tukiburuta miguu kutoka upande mmoja wa turubai hadi mwingine. Niliipenda kazi ile, lakini siyo iliyonipeleka. Tangu mwaka wa shule uanze sikuwa nimesema neno hata moja darasani, na directrice, mkuu wetu wa shule, alikuwa amemwambia mama kwamba baada ya likizo nafasi yangu itapewa mtoto mwingine. Mimi nitafutiwe shule ya viziwi.

Kiziwi! Nyumbani kwetu Bulengera, mtaa mmoja wa Butembo, nilikuwa chiriku. Niligombana na kaka zangu kwa Kinande toka asubuhi, nikaigiza mahubiri ya padri hadi baba akacheka na maharage yakamtoka mdomoni. Nikivuka lango la kwetu tu, neno halitoki. Sikukataa kusema, na hapo ndipo watu wengi hadi leo hawaelewi. Maneno nilikuwa nayo, ila kadiri mtu alivyonibembeleza ndivyo yalivyozidi kukwama. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona kasoro. Kwetu mtoto wa kike asiyejibizana na wakubwa husifiwa, na baada ya misa mabibi walimpongeza mama kwa malezi mema. Mtu akinisalimia, mama alijibu upesi kwa niaba yangu, maana salamu isiyojibiwa ni aibu ya mzazi. Tuliishi vizuri kabisa hivyo, mimi nikiazima mdomo wake, mpaka shule ilipoanza na mama akabaki nyumbani.

Basi kila mtu akawa mganga. Jirani Mprotestanti alishauri chumba cha maombi, tukaenda ingawa sisi ni Wakatoliki, na kusema kweli waliniombea kwa upole. Muuguzi mmoja aliinua ulimi wangu, akasema uzi wa chini ni mfupi, ukatwe. Mjomba akaona fimbo kidogo ingetosha. Hapo baba, mtu wa maneno machache, akakasirika. Aliuliza mtoto anayewatukana kaka zake mchana kutwa ana kasoro gani ya ulimi. Ni mama mdogo aliyepiga simu kusema kwamba hospitali moja ya Beni ina psychologue, mtaalamu wa saikolojia, anayepokea watoto. Tukasafiri asubuhi ambayo barabara ilisemekana kuwa tulivu, bila habari za mashambulizi.

Yule psychologue alikuwa dada kijana, mpole, asiye na haraka. Kwanza alitupeleka masikio yangu yakapimwe. Yalipoonekana mazima, alimwuliza mama mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza: huwa ninaongea na nani, wapi, kwa lugha gani, na mgeni akiingia hunyamaza vipi. Alitaka kujua kama ni Kifaransa cha shule ndicho kilichonishinda. Mama akasema hapana, mbele ya wageni hata Kinande hunishinda. Kisha yule dada akanigeukia mimi, na kila alichoniuliza, mama alikijibu. Mwishowe dada akamwekea mama mkono begani.

"Mama, tafazali, usimujibie. Tungoje tu. Asipojibu, hapana mubaya."

Tukangoja. Sijawahi kumwona mama akiteseka namna ile, akitafuna ncha ya kitenge chake. Sikujibu. Yule dada alishukuru kana kwamba nimesema, akaomba aje atuone nyumbani.

Alikuja alasiri moja, akavua viatu, akanawa miguu, akatupa kisogo, akaanza kugeuza kakao upande wake bila kuniuliza lolote. Mama mdogo aliona haya mgeni wa hospitali afanye kazi, akamletea kiti, lakini hakukikalia. Tukaendelea hivyo hadi binamu yangu Kambale alipokanyaga mstari wangu. Nikajisahau, nikamfokea kwa sauti yote atoke kwenye mbegu zangu. Mama alifungua mdomo, nadhani amshukuru Mungu, ila dada akamtikisia kichwa. Hakugeuka kunitazama. Nilipoona hakuna anayenishangilia, nikamfokea Kambale mara ya pili, na safari hii kwa raha.

Kabla ya kuondoka alimweleza mama kwamba mimi si kiziwi, si bubu, si mkaidi, wala sijarogwa. Ni woga unaomfunga mtoto mahali fulani na kumwacha huru mahali pengine, na hufunguka polepole, bila kulazimishwa wala kuhongwa pipi. Halafu akachuchumaa mbele yangu.

"Directrice anapenda kusikia sauti yako. Mama anaweza kuikamata ku telefone, wakati unasoma ku nyumba. Unakubali? Ukikatala, tutatafuta njia ingine."

Hakuna mkubwa aliyewahi kuniomba ruhusa. Niliitikia kwa kichwa.

Baada ya likizo directrice alisikiliza sauti yangu iliyorekodiwa, ofisini mwake, simu sikioni, mimi nimesimama nikitazama vidole vyangu vya miguu. Akarudia kusikiliza. Kisha akasema nafasi yangu ni yangu. Muhula ule nilimsomea mwenzangu wa dawati nyuma ya darasa, kwa mnong'ono, na mwalimu alisogea kidogo kidogo. Mwaka uliofuata ndipo aliponisikia.

Leo ninafundisha mwaka wa kwanza wa shule ya msingi hapa hapa Butembo. Simu zimejaa, lakini wataalamu wa watoto wa namna niliyokuwa mimi bado ni wa kuhesabika, na ulimi bado ndio unaoinuliwa kwanza. Wazazi wakiniuliza, nawaambia masikio yapimwe, atafutwe anayejua kuuliza habari za nyumbani, na mtoto asikatwe wala kuchapwa. Subira yavuta heri, ingawa wakati mwingine inavuta taratibu mno. Juzi wakati wa kuandikisha, mama mmoja aliyehama kutoka Eringeti alimleta binti yake. Nilimwuliza mtoto jina. Mama akafungua mdomo, nikamwomba tungoje. Tulingoja hadi wazazi waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Mtoto hakusema neno. Nikamwandikisha.