Kina Mutahi Watatu

Mwaka 1994 Gaudencia Nasirumbi, mzaliwa wa Bungoma, aliiandikia hospitali moja ndogo karibu na Nyeri programu ya kutunza kadi za wagonjwa. Jumatatu madaktari wangeacha karatasi na kuitegemea kompyuta kujua kundi la damu la kila mgonjwa. Barua ya kuthibitisha kwamba programu imepimwa alikuwa ameshaitia sahihi.

Ijumaa mashine iliganda. Alishuku kache, sehemu inayoshikilia kadi zilizofunguliwa karibuni ili zisitafutwe upya. Alikuwa ameipima kwa majina elfu mbili ya kubuni, na kila kadi ilipofungwa, nafasi yake ilirudi. Sasa, kwa kadi za kweli, kumbukumbu ya mashine ilivuja: nafasi ilichukuliwa isirudi tena.

Akazipima kadi kijiji baada ya kijiji, hadi akafikia tatu zenye jina moja: Mutahi Theuri. Kache ilimtambua mtu kwa jina lake na la babake tu. Kadi mpya ilipoingia ilikalia kiti cha ile ya kwanza, nayo ya kwanza ikabaki ndani, haifikiki wala haifungiki.

“Mama,” alimwambia Watiri, karani wa rekodi, “huyu mmemwandika mara tatu.”

“Ati mara tatu? Hao ni watu watatu. Mzee Theuri ako na bibi watatu, na kila bibi kijana yake ya kwanza lazima apewe jina ya baba ya mzee. Kwani huko kwenu majina mnaokota kwa barabara?”

“Sasa nyinyi mnawatofautishaje?”

“Kwa mama zao. Si nimeandika hapo kwa kona, na penseli? Huyu ni wa Murugi.”

Nasirumbi hakucheka. Kona ile ya kadi hakuwa ameitengea nafasi katika programu. Aliifungua kadi ya mwana wa Murugi, kisha ya nduguye, kisha akairudia ya kwanza. Kioo cha kompyuta kikamletea kundi la damu la nduguye.

Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Ngatia, mkuu wa hospitali, aliyeishika barua ile.

“Naomba barua yangu, daktari. Nilipima vibaya.”

“Wafadhili wanakuja Jumatatu kuona kompyuta ikifanya kazi.”

“Inaweza kumpa mtu damu isiyo yake.”

Daktari akafungua mtoto wa meza. “Ukiichukua, sitakuwa na la kuwaambia wakuongezee mkataba.”

“Najua,” alisema, akanyoosha mkono.