Vifuniko Sita vya Mfuto

Kupe walikuwa wamemjaa ng'ombe wa mama hadi masikioni, na dawa ya kuwaua ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimerudi likizo Usangu kutoka shuleni Iringa, kidato cha pili, nikiringia kemia yangu changa. Makopo ya zamani yalitaja wakia na galoni. Hili jipya lilitaka gramu tano za unga kwa kila lita ya maji, nasi nyumbani tulikuwa na debe tu.

Nikapiga hesabu mchangani kwa kijiti, baba na jirani yetu wakinisimamia. Debe ni galoni nne, yaani lita kumi na nane. Basi gramu tisini. Kifuniko cha kopo, kikiwa mfuto, yaani kimesawazishwa ukingoni, hubeba gramu kumi na tano.

"Vifuniko sita, baba."

Baba akachota kifuniko cha kwanza kwa kilima, unga ukimwagika pembeni. Kwetu, anayefuta kipimo kwa kiganja mbele ya watu ni bahili, na baba alikuwa na kasoro zake lakini si hiyo. Sita vyake vilikuwa kama tisa vyangu, na ule unga ulikuwa sumu. Ng'ombe angejilamba, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlea mdogo wangu.

Binti hamsahihishi baba yake mbele ya mgeni. Alipokwisha kutia vyote sita, nikamimina debe lote la dawa kwenye pipa, nikaongeza nusu debe ya maji.

"Maji yote hayo ya nini?"

"Nyongeza, baba."

Akacheka, akaridhika. Tukamwosha ng'ombe, nami nikajiona mjanja kuliko mwalimu wangu.

Kisha jirani akaomba kopo, akawaoshe na wake. "Debe moja natia vingapi, mzee?"

"Sita. Usifanye choyo, jaza."

Kwake hapakuwa na wa kuongeza maji. Tayari alikuwa ameshalitia kopo kwapani, anaaga.

"Sita vya mfuto," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikaichukia. "Baba amezidisha. Ukijaza hivyo utawaua."

Baba alinitazama kana kwamba hanijui. Nikangoja kofi. Mama, aliyekuwa amemshika ng'ombe wake pembe, hakugeuka.

"Rudia kwa nguvu," mama akasema. "Jirani hakusikia."