Dada alisugua dumu kabla ya watafuta kirusi kufika

Saa moja na dakika kumi asubuhi, wakuu, dada yangu wa Muyinga alinipigia simu akasema neno moja: "Imerudi." Homa na kikohozi, mara ya tatu.

Nawasalimu wote. Nitaandika nilichokiona, nisichokijua nitasema sikijui.

Mimi ni fundi redio, Magarama, hapa Gitega. Sayansi nimejisomea mwenyewe. Niliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, dada huyu ndiye aliyenipokea kwake hadi nikapata pa kuanzia. Sikuwa tayari kumpoteza.

Mara mbili alitibiwa nimonia. Kifua kikuu walipima mara zote mbili, hakikuonekana.

Nikasikia kuna watafiti Gitega wanaotafuta, kwa wagonjwa wa mapafu ambao chanzo hakijulikani, kirusi kikubwa kinachoishi ndani ya amiba, vile viumbe vidogo vya majini. (Ni kikubwa kiasi kwamba chujio linalopitisha virusi vingine hukizuia. Usipojua, unakitupa pamoja na takataka.) Nikaomba wamwandikishe. Wakakubali.

Walitaka makohozi yake, na maji ya dumu analotumia, yasiguswe.

Nikafika nao Muyinga. Dumu linang'aa! Mtaalamu wa maabara, Mkongo wa Kivu Kusini, akalichungulia.

"Mama, maji hii iko safi kupita ya kwetu maabara. Tukunywe ao tupime?"

Dada alikuwa amelisugua kwa mchanga, akachemsha maji, akayachuja.

"Wageni wanatoka Gitega, mi niwapee uchafu? Kaka, we unataka wanicheke?"

Tukacheka. Halafu nikakumbuka vile vipimo viwili. Nikamuuliza: "Na yale makohozi uliyopeleka hospitali?"

Akainamisha macho. "Niliwapea mate tu. Ile ya kifua inatisha, kaka. Utapea mtu kitu kama ile?"

Wakuu, mara zote mbili walikuwa wamepima mate.

Mtaalamu hakumgombeza. "Mama, sisi tunapenda ile mbaya yenyewe." Kesho yake alfajiri dada akakohoa kutoka kifuani, akageuza uso, akampa.

Kirusi kikubwa hakikuonekana. Sisemi hakipo Burundi. Kwenye sampuli yake hakikuonekana.

Kifua kikuu kilionekana.

Dawa alipewa bure, akazimeza miezi sita bila kuruka siku. Sasa anabeba dumu lake mwenyewe kutoka bombani, na kunitania kwamba nimezeeka kabla yake.

Nawashukuru wale watafiti. Walikosa walichokifuata, ila hawakuondoka mpaka ugonjwa wa dada yangu umeeleweka.

Nilichojifunza: mtu wa maabara si mgeni wa sebuleni. Mpe kilicho kibaya kama kilivyo. Kama kwenu kuna aliyewahi kupeleka sampuli iliyopambwa kwa sababu ya aibu, tuelezeni hapa, bila kumtaja jina.

Akiba niliyokuwa nimeiweka kumpeleka kutibiwa nje ya nchi, ukitoa nauli ya Muyinga, ipo: faranga 628,000.